Mahali Pasipo na Chini

Kila mwezi wa Novemba, kanisani Nyegina, waumini wanapotaja marehemu wao ili waombewe, Gaudensia huinuka akamtaja mumewe, akawataja wazazi wake, akamtaja hata shangazi aliyemlea, kisha akakaa. Mwanawe Enos hamtaji. Enos humwombea Jumapili za kawaida, pale padri anapowaombea wagonjwa, wafungwa na wasafiri. Wakifika kwenye wasafiri, Gaudensia hufumba macho.

Watu walishazoea. Mwaka wa kwanza waligeuka kumtazama, mwaka wa pili wakakohoa, na siku hizi wanamwachia ukimya wake kama mtu anavyompisha mwenzake penye tope.

Enos ndiye mtoto wake pekee aliyekua akawa mtu mzima. Aliingia ziwani na wenzake wawili kuvua dagaa, mwezi ukiwa haupo, upepo ukawakuta huko. Asubuhi mtumbwi ulionekana umelala kifudifudi. Wenzake waliletwa na maji, wakazikwa na ndugu zao. Enos hakuletwa. Kilichokuja ni taa yake, ile ya sola wanayoielesha juu ya maji ili dagaa wajae. Ilikutwa kwenye matete inawaka mchana kweupe. Gaudensia aliichukua, akaifuta tope, akaizima. Tangu hapo kila akianika dagaa juu ya mawe huianika na taa, ishibe jua, ili mwenyewe akirudi asiikute imekufa.

Ukoo wa mumewe una desturi yake. Mtu akipotelea majini, maji yakakataa kumtoa, hukatwa mgomba. Mgomba huo huoshwa, huvishwa nguo zake, ukazikwa na ukaliliwa machozi yote anayostahili mtu. Ila haukatwi ovyo. Hukatwa kwa kimo cha marehemu, na anayekionyesha kimo ni mama yake mzazi. Anasimama mbele ya watu, anainua kiganja: kichwa chake kilikuwa kinafika hapa. Bila mkono wa mama hakuna mgomba, na bila mgomba hakuna kaburi. Na mtu asiye na kaburi jina lake haliguswi. Halipewi mtoto, halipewi hata ndama, maana kulitoa jina ni kumzika mwenye nalo.

Baltazar, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye kwa sasa ndiye mkubwa wa ukoo, alikuja mara nyingi miaka ile ya mwanzo.

"Shemeji, kimo."

"Kimo cha nani?"

"Shemeji, unajua."

"Ninachojua chai ipo jikoni. Kaa unywe."

Baltazar alikaa, akanywa, akaaga. Mwishowe aliacha kuja kwa ajili ya kimo, akawa anakuja kwa ajili ya chai tu.

Aliyebaki njia panda ni Stellah, mke wa Enos. Aliolewa akiwa binti mdogo, na Mungu hakuwa amewajalia mtoto. Ukoo hauwezi kumfungua mwanamke ambaye mumewe hajazikwa. Padri naye alitaka kusikia neno moja kutoka kwa wenyewe, kwamba Enos amekufa, ndipo aone namna ya kumruhusu binti wa watu afunge ndoa nyingine. Neno hilo lilikuwa kinywani mwa Gaudensia na halikutoka. Si kwamba alimtakia Stellah mabaya. Alimpakulia yeye kwanza, akamnunulia kitenge kila Pasaka, akamwita mwanangu. Lakini madhali Stellah yumo ndani, Enos ana nyumba ya kurudi. Hilo Gaudensia hakulisema. Alilipika, akalipakua, wakalila wote wawili kila siku.

Pale soko la Mwigobero, Gaudensia na Stellah walipouzia dagaa, jirani yao wa meza alikuwa Prudence, mwanamke mwenye mdomo usiojua kufunga.

"We Stellah," alisema siku moja, "huyu mwalimu wa Butiama hizi dagaa anazikulaga lini? Juzi amebeba, leo amebeba."

"Mteja ni mteja, dada."

"Mteja! Mteja gani anavuka masoko yote kutoka Butiama aje kwenye sahani yako? Halafu amenyoa, amejipaka mafuta, anang'aa kama sufuria ya harusi. Mama Enos, wewe huoni?"

"Naona dagaa zako zina mchanga," alijibu Gaudensia, na waliokuwa karibu wakacheka.

Lakini alikuwa ameona. Alikuwa ameona mapema kuliko Prudence. Macho yake yalikuwa yamezoea kutazama mbali, na mtu anayetazama mbali muda mrefu hata cha karibu hakimpiti. Aliona Stellah anavyojifunga kitambaa upya akisikia bodaboda inasimama. Aliona pia kwamba yule mwalimu akishapimiwa huwa haondoki hapo hapo. Anauliza bei ya kitu ambacho ameshakilipia.

Mwalimu mwenyewe aliitwa Apolinary. Kwao ni vijiji vya pamba upande wa Bunda, watu wa ng'ombe, na alikuwa anafundisha fizikia sekondari huko Butiama. Alitaka kutuma wazee wake wamwombe Stellah. Stellah akamkataza: "Ukileta wazee utaniulia mama." Hakumweleza zaidi. Basi mwalimu, kama walivyo watu wa shule, akatafuta njia yake mwenyewe ya kuingia kwenye moyo wa yule mama, na njia aliyoipata ilipita mbinguni.

Alikuja Jumamosi, jua limesimama. Alishuka stendi ya Bweri, akachukua bodaboda mpaka kwa Gaudensia, mkononi sukari na mche wa sabuni. Aliingia moja kwa moja, bila kuinama. Gaudensia aliliona hilo kabla hajaitikia hodi. Mlango ule Enos alikuwa akiuinamia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu. Kaa. Wa huko hawajambo?"

"Hawajambo kabisa, mama. Poleni na kazi."

"Tumeshapoa. Stellah, mpe mgeni maji."

Wakazungumza mvua, wakazungumza bei ya pamba, wakamaliza yote yanayozungumzwa na watu wasiotaka kuanza. Mwishowe mwalimu alisogea mbele ya kiti.

"Mama, nimekuja na ombi. Kuna sayari."

"Kuna nini?"

"Sayari. Kama dunia hii tunayoikalia, ila hiyo haiko kwenye jua letu. Iko mbali, mbali sana, inazunguka nyota nyingine. Hiyo nyota ni kama jua letu hivi hivi, ukubwa ule ule, rangi ile ile. Sasa wataalamu wa nyota wameomba shule zipendekeze jina la hiyo sayari, na wanafunzi wangu wameniachia mimi nichague."

"Hongera."

"Ahsante mama. Nimefikiria sana." Akamtazama Stellah, na Stellah akawa hajui linalokuja, jagi la maji lilikuwa bado mkononi mwake. "Nimefikiria niipe jina la marehemu Enos. Ili akumbukwe. Nataka baraka yako."

Nje kuku alikuwa anaparura. Mwalimu alidhani wanawake wale wameguswa, akatabasamu kidogo. Kwao Bunda mtu ukimpa ng'ombe wako jina la rafiki umemheshimu, na kama rafiki hayupo umemheshimu zaidi. Hakujua kwamba kwa maneno machache amemwomba yule mama kitu kile kile ambacho Baltazar alikuwa amekiomba mpaka akachoka. Tena alikuwa amesema marehemu, ndani ya nyumba ile, ambayo neno hilo halikuwa limewahi kuvuka kizingiti.

Stellah alifumba macho. Alingojea sauti ya kufukuzwa.

Gaudensia hakumfukuza. Alimtazama mwalimu kama anavyomtazama mteja anayetaka kununua kitu kisichouzwa, akataka kujua atakipeleka wapi.

"Hiyo sayari umeiona?"

"Hapana mama. Hakuna aliyeiona."

"Hata hao wataalamu?"

"Hata wao. Iko mbali, na nyota yake ina mwanga mkali. Wanajua ipo kwa sababu ya ile nyota." Akatafuta mfano, macho yakatua kwenye taa ya sola iliyokuwa dirishani, imetoka kuanikwa. Akainuka, akaichukua.

"Usiiguse hiyo!" Stellah alisema.

"Mwache," akasema Gaudensia.

Mwalimu akaiwasha kwenye kona yenye giza, nyuma ya kabati. Akaokota punje ya mahindi sakafuni, akaipitisha polepole mbele ya taa. "Mkiwa mbali, hii punje hamuioni. Lakini inapopita, mwanga unapungua kidogo sana. Inarudi tena, unapungua tena, kwa mpango ule ule. Ndiyo wanajua kuna kitu kinazunguka pale. Na hiki ni kikubwa, mama, ni kizito kinachovuka akili. Dunia yetu hii ungeweza kuitumbukiza humo isionekane ilikoingia."

Gaudensia aliutazama mwanga ule. Enos alipokuwa ziwani, yeye mama alikuwa akitoka nje kabla ya kulala, atazame taa zilivyojipanga kwenye maji. Mtumbwi wa mtu mwingine ukipita mbele ya taa ya Enos, taa inafifia, halafu inarudi. Mtumbwi wenyewe huuoni. Unasema tu moyoni, kuna watu wamepita.

"Kwa hiyo," akasema, "kuna kitu hamjakiona, hakuna aliyekigusa, na mnasema kipo."

"Kipo, mama. Kabisa."

"Na watu wanawaamini."

"Wanatuamini."

"Mimi nikisema mwanangu yupo, sijamwona, sijamgusa, mnaniitaga nini?"

Mwalimu akaizima taa. Akairudisha dirishani taratibu, kama mtu anayerudisha mtoto kitandani.

"Sikujua, mama," akasema. "Nisamehe."

"Sijakasirika. Nakuuliza." Alikuwa kweli hajakasirika. Ndani yake kulikuwa na kitu kimeinuka, kitu kama furaha, na alikishika kwa woga. Kama watu wa elimu wanaweza kujua kitu kwa jinsi kinavyoutikisa mwanga wa kingine, basi yeye aliyetikiswa miaka yote hii hakuwa mwehu. "Niambie kuhusu huko. Kuna maji?"

"Hakuna, mama."

"Kuna miti?"

"Hamna kitu. Ni gesi tupu."

"Gesi hii ya mtungi?"

Mwalimu akacheka kidogo kwa kupata nafuu. "Ni jamaa yake. Gesi tu, na mawingu, na upepo mkali usiotulia."

"Lakini pana udongo. Chini ya hayo mawingu."

Stellah aliliweka jagi chini. Alikuwa amemtazama mwalimu kwa macho yaliyomsihi, na mwalimu aliyaona. Gaudensia naye aliyaona. Alimwona yule kijana anavyosita, anavyoshika goti lake, anavyopima. Kama angesema upo, mama, upo udongo mwekundu kama wa Nyegina, nani angekwenda kuhakikisha?

"Hapana udongo, mama," akasema. "Hapana chini."

"Kila mahali pana chini."

"Pale hapana. Ukidondoka pale unakwenda tu. Gesi inazidi kuwa nzito, inazidi kukubana, giza, joto. Lakini hakuna pa kukanyaga ukasema nimefika."

"Unakwenda tu."

"Ndiyo, mama."

"Peke yako."

Gaudensia aliinuka. Alikwenda nje kwenye mawe, akaanza kuzoa dagaa waliokuwa hawajakauka, akazoa na mchanga, akazoa na majani. Ndani alisikia Stellah anafoka kwa sauti ya chini. "Ungesema upo udongo! Ungekufa?" Na mwalimu: "Aliniuliza." Na Stellah: "Aliniuliza, aliniuliza! Mtu mzima mwenye digrii!" Kisha kilio cha Stellah, kisha nyayo za mtu anayeondoka bila kukaribishwa chakula.

Miaka yote Gaudensia akifumba macho alimwona Enos nchi kavu. Mara yuko Ukerewe, amegongwa kichwa na mbao za mtumbwi, amesahau kwao, anavua kwa watu. Mara yuko upande wa Kenya, ameoa, anaona aibu kurudi. Alimwona anatembea, anakula, amekonda. Majini hakumwona hata mara moja; alikuwa amepaziba kabisa hapo. Sasa pamezibuka. Akifumba macho anamwona anakwenda chini. Hafi, hafiki, hagusi kitu. Anatafuta kwa miguu, kama alivyokuwa akitafuta kwa miguu utotoni akifundishwa kuogelea, ananyoosha kidole gumba aone kama kuna mchanga, na mchanga haupo.

Alishika rozari. Alipofika kwenye Salamu Maria ya kwanza akakwama hapo hapo. Mama Maria mwanawe alimpokea kutoka msalabani mikononi mwake, akamfunga sanda, akaona jiwe likivingirishwa. Alijua alipolala. Gaudensia hakuwa na kinyongo na Mama wa Mungu, ila siku ile alimwonea wivu, akalia kwa sababu ya kumwonea wivu.

Stellah alimletea uji.

"Kunywa, mama."

"Wewe umekunywa?"

"Nitakunywa."

"Stellah, huyu mwalimu alinidanganya?"

Stellah alikaa chini miguuni pake. Angeweza kusema ndiyo. "Hapana, mama. Hajui kudanganya. Ndiyo shida yake."

"Basi siyo shida." Akamshika kichwa, akapitisha vidole kwenye nywele zake kama anayetafuta chawa. "Mwambie ile kitu yake aitafutie jina lingine. Hilo jina la mtoto wangu silipeleki mahali pasipo na chini. Ameshakaa huko vya kutosha."

Stellah alielewa. Alikumbatia magoti ya mama mkwe wake, akalia kwa sauti. "Siendi popote, mama. Sitaki. Mimi nitakaa na wewe."

"Utakwenda. Nilikuweka mlangoni kama jiwe la kuzuia mlango usifungwe, mwanangu. Na wewe hukuwa na pa kukanyaga."

Kesho yake hakuianika taa. Stellah alipoichukua dirishani, yeye akasema iache, na taa ikabaki pale. Alijifunga kanga mbili, akaenda kwa miguu mpaka kwa Baltazar. Mzee alikuwa anashona nyavu barazani. Alipomwona shemeji yake anakuja amenyooka hivyo, akasimama.

"Karibu shemeji. Chai ipo."

"Sikuja kwa chai."

Baltazar aliitazama sura yake kwa muda, akaziweka nyavu chini. "Mungu wangu," akasema. Akaingia ndani kutafuta panga, na Gaudensia alimsikia humo ndani mzee yule mkavu akipenga kamasi.

Ukoo ulikusanyika haraka, maana watu walikuwa tayari tangu zamani. Walikuwa wamengoja kulia. Kaburi lilichimbwa pembeni ya la baba yake. Prudence alikuja kutoka Mwigobero na wanawake wa soko, mdomo wake kwa mara ya kwanza umefungwa. Mwalimu Apolinary alikuja pia, akasimama nyuma kabisa, kofia mkononi, hakusogea karibu na Stellah. Padri alikuwa amekubali kuja kuombea, si kuubariki mgomba, alisema, bali kumwombea mtu. Gaudensia alimjibu kwamba hata yeye hakuwa anazika mgomba.

Wakauleta. Mgomba mnene, wa kijani, unavuja maji. Wakaulaza juu ya mkeka, mrefu kuliko mtu yeyote. Stellah alikuwa ameshika shati la Enos la kwendea kanisani, limepigwa pasi.

Baltazar akasimama na panga. "Shemeji," akasema, na sauti ikamkatika, akaanza upya. "Shemeji. Kimo."

Gaudensia alipiga hatua mbele. Akanyoosha kiganja, akakiinua.

Kikafika kifuani pake, kikasimama.

Watu wakatazamana. Baltazar alimtazama, akakitazama kile kiganja. Kimo kile kilikuwa cha mtoto wa kama darasa la tatu.

"Hapa," akasema Gaudensia. "Alikuwaga anafika hapa. Nilikuwa nikimpaka mafuta nainama kidogo tu."

Hakuna aliyethubutu kumsahihisha. Mama ndiye mwenye kimo.

Ndipo Stellah alipomkabidhi Prudence shati, akatoka kati ya wanawake. Alisimama nyuma ya mama mkwe wake, akamshika kiwiko kwa chini, taratibu, kama mtu anayemsaidia mgonjwa kunywa.

"Mama," akamwambia sikioni, "alikua."

"Alikua?"

"Alikua, mama. Alikuwa anainama mlangoni."

Gaudensia alikaza macho mbele, pale hewani ambapo hapakuwa na mtu. "Mlangoni," akasema. "Kweli. Alikuwaga anainama."

Stellah akauinua mkono. Ukapita kwenye mabega ya Gaudensia, ukapita kwenye macho, ukapita kwenye kitambaa chake cha kichwani, ukaendelea kupanda mpaka kanga ikamteleza begani na hakuna aliyeiokota. Pale ulipofika Stellah akaacha kusukuma. Yeye alipajua vizuri mahali hapo. Alikuwa akisimama kwa vidole vya miguu kupafikia.

"Hapa," akasema Stellah.

"Hapa," akasema Gaudensia.

Baltazar akapima kwa fimbo, akainama, akautia mgomba alama, akaukata kwa pigo moja. Maji yake yakamwagika kwenye udongo, udongo ukayanywa. Wanawake wakaanza kulia.

Wakauosha, wakauvisha shati, wakaufunga shuka, wakaubeba. Gaudensia alikuwa bado amesimama pale pale, mkono wake juu, na hata Stellah alipouachia haukushuka.